Kabla hujampeleka mgonjwa wa kifafa kupigwa picha ya ubongo (tuliyoyajua tumeshachelewa)

Ndugu zangu wa Kigoma, na nyie wa kule njiani Uvinza, Kaliua, Urambo mpaka Tabora, hii naandika kwa mwenye mgonjwa wa kifafa nyumbani ambaye ameambiwa aende akapige picha ya kichwa. Mimi sio daktari, ni dada wa mgonjwa tu, nimemsindikiza mdogo wangu kwenye hiyo safari mara mbili na ile ya kwanza tulirudi mikono mitupu, nauli imeenda, siku zimeenda, na karatasi imeandikwa "kawaida".

Kwanza ujue unatafuta nini. Kuna kifafa kinachoshika ubongo wote kwa mpigo na kuna kinachoanzia sehemu moja, halafu kinaweza kubaki hapo hapo au kusambaa. Cha mdogo wangu ni hicho cha pili. Haanguki mara zote, anazubaa tu, anatafunatafuna kama ana kitu mdomoni, mkono wa kulia unachezea kifungo cha shati na wa kushoto unakakamaa, dakika moja hivi kimeisha, afu anakuuliza "mmesema nini?" Sisi miaka yote tulikuwa tunahesabu siku za kuanguka na kutoa povu peke yake, haya ya kuzubaa tukayaita mawazo. Kumbe haya ndio yanayomwambia daktari moto unaanzia wapi! Mkono unaokakamaa kushoto unaelekeza upande wa kulia wa ubongo, sababu ubongo na mwili vinapishana, kulia anaendesha kushoto.

Kwa hiyo maandalizi ya kwanza hayahusu hela wala nguo, ni daftari. Andika tarehe, saa, alikuwa anafanya nini, kimechukua muda gani, kichwa kiligeukia wapi, mkono upi ulianza, na kilipoisha alichukua muda gani kuweza kuongea. Hilo la kuongea watu wanalipita lakini lina maana, kwa sababu kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, sasa mgonjwa akikaa dakika kadhaa anakuelewa ila maneno hayatoki, daktari anapata pa kushika. Na simu zetu hizi zifanye kazi, rekodi video tangu mwanzo, toa shuka, uso na mikono yote ionekane, muite jina, mwambie ainue mkono. Mmoja arekodi, mwingine amlaze ubavu na kumlinda asijigonge. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Na povu haliambukizi, tafadhalini, msiogope kumgusa mgonjwa.

Halafu muulize bibi. Nasema kweli. Daktari alituuliza kama aliwahi kupata degedege utotoni, mama akasema hakumbuki, mimi sikuwepo, tukampigia bibi Kasulu akajibu hapo hapo kwamba mtoto akiwa na mwaka na nusu alishikwa na homa, degedege likakaa muda mrefu mpaka wakafika naye zahanati halijaisha. Degedege la homa lililokaa muda mrefu linahusishwa na kovu kwenye hipokampasi, kipande kidogo cha ndani ya ubongo usawa wa panja, kinachohusika na kumbukumbu. Na kovu la namna hiyo ni moja ya vyanzo vinavyojulikana sana vya kifafa cha sehemu moja. Uliza pia uzazi ulikuwaje, mtoto alilia au alichelewa, aliwahi kuumwa malaria ya kupanda kichwani, aliwahi kuumia kichwa, na kama mnatoka kwenye ufugaji wa nguruwe wa kuzurura semeni, maana mayai ya minyoo tegu ya nguruwe yakimezwa yanaweza kutengeneza vifuko ndani ya ubongo na vikaleta kifafa.

Hayo yote yaingie kwenye barua ya rufaa, hapa ndipo tulipokosea. Mara ya kwanza barua yetu ilisema "kifafa, picha ya kichwa" basi, hospitali moja wakampiga siti skani, ikatoka kawaida, mtaani Mwanga wakasema si mnaona, hospitali hawaoni kitu, ni mapepo hayo. Roho iliniuma. Siti skani inaona vizuri damu iliyovuja, mfupa uliovunjika, uvimbe mkubwa, lakini kovu dogo la hipokampasi inalipita. MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, ndio inaliona, na hata hiyo MRI ikipigwa vipande vinene vya haraka haraka inaweza kulikosa, ndio maana wataalamu wa kifafa wana mpangilio wao maalum wa vipande vyembamba. Mara ya pili barua ikaandikwa mkono upi, degedege lini, shaka iko upande wa kulia usawa wa panja, na kovu likaonekana pale pale palipoandikwa. Picha inajibu swali uliloipelekea. Na hata MRI nzuri ikitoka safi haimaanishi mgonjwa hana kifafa, wapo wengi wana kifafa cha kweli na MRI haionyeshi kitu, EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo cha kubandika nyaya kichwani, vile vile.

Dawa: usiziache. Kuna mtu alitushauri tumwachishe siku tatu "ili mashine ione vizuri". Ni hatari, kuacha ghafla fenobabitoni au kabamazepini kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho kinaua. Kama daktari anataka dawa zipunguzwe kwa kipimo maalum atasema mwenyewe, na mgonjwa atakuwa wodini anaangaliwa. Beba dawa za siku nyingi kuliko za safari, kwa sababu kutoka hapa hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, treni inaweza kuchelewa, miadi inaweza kusogezwa, mashine inaweza kuharibika (yetu ilisogezwa siku 4). Ziweke kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye behewa mpe kitanda cha chini na mwache alale, kukosa usingizi kunaamsha kifafa. Kwa EEG wakati mwingine wanataka makusudi aje hajalala vizuri, fuata walichoandika wao, usijitungie.

Upande wa pesa nitasema kifupi: ulizeni mapema kama bima inahitaji kibali kwanza kabla ya MRI, na wasio na uwezo waende ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali kabla ya siku ya kipimo.

Sasa mwili wenyewe. MRI haina mionzi, ni sumaku, ila sumaku ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) inazidi zaidi ya mara 50,000 ile ya dunia inayozungusha dira, na haizimwi mgonjwa akitoka, iko hewani muda wote. Hereni, bangili, pini, mkanda, sidiria yenye waya, sarafu, simu, kadi ya benki, vyote vibaki nje. Na jamani semeni kuhusu hirizi. Wengi wetu tunazo kiunoni au mkononi na tunaona aibu kuitaja mbele ya nesi, nyingine zina bati au sindano ndani. Fundi wa kuchomelea aseme kama chembe ya chuma iliwahi kumwingia jichoni, aliyewekewa chuma mfupani au kifaa cha moyo aseme, mjamzito aseme, mwenye shida ya figo aseme kwa sababu kuna dawa ya rangi wanayochoma. Ndani ni kelele kali, omba vya kuziba masikio, na kulala kimya bila kutikisika nusu saa au zaidi si mchezo. Mdogo wangu tulimfanyisha mazoezi nyumbani, analala chali kwenye jamvi mimi nagonga sufuria. Alipoingia hakushtuka, na alijua kile kimpira cha kubonyeza akizidiwa ni cha nini.

Kwa EEG shida ni nywele. Fumua rasta zote, osha na sabuni, usipake mafuta ya mise wala chochote, vile vinyaya vinatakiwa vishike ngozi. Niliona dada mmoja amerudishwa kwa hili na alitoka mbali.

Kuna vipimo vingine mtavisikia kama mkiambiwa habari za upasuaji au mkiombwa kushiriki utafiti. MRI ya kuangalia utendaji haioni umeme wa ubongo moja kwa moja, inafuatilia damu yenye oksijeni inayokimbilia sehemu inayofanya kazi, na damu inachelewa kama sekunde 5 hivi. Watafiti wa London na Montreal walichofanya ni kuvaa EEG ndani ya MRI, ili kila cheche ya kifafa ikitokea waone damu imebadilika wapi. PET yenyewe inaangalia sukari, eneo bovu linatumia sukari kidogo kati ya shambulio na shambulio, kwa hiyo unakuja umefunga kula, na kama alizubaa asubuhi hiyo lazima useme, picha inaweza kugeuka.

Wakimpima lugha kwenye hiyo MRI ya utendaji, mgonjwa ataambiwa ataje maneno kimoyomoyo. Semeni ni lugha gani anaiwaza. Mtu aliyelelewa Kiha kule Buhigwe ukimpa maneno ya Kiingereza ya darasani utapima kuhangaika kwake, sio lugha yake, na hapo ndipo daktari wa upasuaji anaangalia asiguse wapi. Kama ni utafiti ulizeni pia kama una kibali cha maadili, majibu mtapewa au yanabaki kwao, na kama mnaweza kujitoa bila matibabu kuguswa.

Siku ya kuondoka usichukue karatasi ya majibu peke yake. Omba na CD yenye picha zenyewe, jaribu kama inafunguka pale pale dirishani, hakikisha jina na tarehe ni vyake, ifunge kwenye nailoni isiloe. Daktari atakayefuata atataka kuziona kwa macho yake, na ukiisahau huko, kuifuata ni reli tena.