Swichi ya Ampea 15 Inapogeuka Kuwa ya Nusu Ampea: Jinsi ya Kusoma Namba Zake Kabla ya Kuifunga

Chukua swichi ndogo nyeusi ya kubonyeza, ile ya kwenye ekstensheni au blenda, uigeuze nyuma. Mara nyingi utakuta imeandikwa 6A 250V AC (A ni ampea, V ni volti, AC ni umeme wa aina ya gridi), na chini yake 10A 125V AC. Swichi ni moja, vipande vinavyogusana ndani ni vile vile, lakini ampea ni mbili. Mtu akisoma ile 10A na kuiacha volti yake, ameshanunua swichi ndogo kuliko anavyodhani.

Swichi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupitisha umeme ikiwa imewashwa, na hapo volti hazina neno. Kinachopasha moto ni ampea. Tuseme mahali panapogusana pana ukinzani wa omu 0.01. Ampea 10 zikipita, joto ni 10 × 10 × 0.01, yaani wati 1. Ampea 20 ni wati 4. Ampea 50 ni wati 25, sawa na pasi ndogo ya kulehemia redio iliyofichwa ndani ya plastiki.

Kazi ya pili ni kukata, na hapa ndipo swichi nyingi hufia. Vipande vinapoachana, sehemu ya mwisho kugusana huyeyuka, na hewa iliyo katikati hupata moto kiasi cha kupitisha umeme. Cheche hiyo inayong'ang'ania huitwa tao la umeme. Volti zikiwa kubwa, tao huvutika mbali zaidi kabla ya kukatika, na kila linapowaka hula madini ya ncha za vipande hivyo. Ndiyo maana swichi ile ile inaruhusiwa ampea 10 kwenye volti 125 lakini 6 tu kwenye 250.

AC na DC nazo zinatofautiana sana. Umeme wa AC wa hezi 50 hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kila baada ya milisekunde 10 tao hupata nafasi ya kuzimika lenyewe. DC ya betri au paneli haishuki. Tao likishika linabaki hadi nafasi iwe pana vya kutosha. Chini ya volti 12 hivi tao halisimami vizuri. Kwenye 24 hadi 30 bado nafasi ndogo inatosha kulikata. Kupanda zaidi ya hapo uwezo unaporomoka: swichi ndogo za aina ya maikroswichi zenye ampea 15 kwa 250V AC huwa na takriban ampea 10 kwa 30V DC, na kwenye 125V DC hubaki karibu nusu ampea.

Sasa kusoma. Tafuta mstari wenye volti sawa na zako au zinazozidi kidogo, na wenye AC au DC inayolingana na umeme wako. Tanzania ni volti 230 na Kenya ni 240, kwa hiyo mstari wako ni wa 250V AC. Ule wa 125V ni wa nchi kama Marekani na Japani. Swichi iliyoandikwa 125V peke yake usiifunge kwenye umeme wa nyumba hata kama mzigo ni taa moja. Ukiona 10(4)A, namba iliyo kwenye mabano ni ya mota: pasi ya ampea 9 sawa, mota ya ampea 5 hapana. T85 ni nyuzi joto 85 za Selsiasi, kikomo cha joto la mahali swichi ilipo. 5E4 ni kuwasha na kuzima mara 50,000; 1E4 ni mara 10,000.

Ikiwa hakuna mstari wa DC, usijitungie wako. Kosa linalorudiwa sana ni hesabu ya wati: "250 mara 6 ni wati 1,500, basi kwenye volti 12 itabeba ampea 125." Haitabeba. Kwenye volti ndogo tao limepungua kweli, lakini joto la kupitisha liko pale pale, na vipande vyake havikutengenezwa kwa zaidi ya ampea 10 hivi. Kushusha volti hakuongezi ampea kupita kikomo hicho.

Kwa taa za sola za volti 12, swichi ya kawaida ya ukutani hufanya kazi bila taabu ukiiweka chini ya nusu ya ampea zake. Taa nne za wati 9 ni wati 36, gawa kwa 12, ni ampea 3. Kwenye volti 24 tungependelea iliyoandikwa DC. Kwenye betri ya 48, ambayo ikijaa hufika volti 54 na kuendelea, swichi ya ukutani haifai kabisa; wala zile rilei (swichi zinazovutwa na koili ya umeme) ndogo za bluu zilizoandikwa 10A 30V DC hazifai, maana 48 iko nje ya kipimo chake.

Upande wa paneli ndio mbaya kuliko wote. Paneli tatu za volti 45 zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 135, na mkondo wake wa shoti (ampea zinazopita waya zikigusana) ni mkubwa kidogo tu kuliko wa kawaida. Fyuzi haioni ajabu yoyote, na tao linaendelea hadi plastiki iwake. Hapo funga breka au swichi ya kutenganisha ya DC yenye volti zinazozidi 135, na uache nafasi ya baridi ya asubuhi, kwa sababu paneli ikipoa volti hupanda. Kama breka ina alama za + na −, zifuate bila ubishi: sumaku ya ndani husukuma tao kwenye chumba cha kulizimia, na ukigeuza waya hulisukuma upande usiofaa. Breka iliyofungwa kinyume hivyo huwasha na kuzima vizuri miezi mingi, halafu huungua siku ya kwanza inapokata mzigo mkubwa. Kupitisha waya kwenye nguzo mbili za swichi mfululizo huongeza nafasi ya kukatia, lakini fanya hivyo ikiwa tu mchoro wa mtengenezaji unaonyesha.

Mota na pampu zinahitaji hesabu ya ziada, maana koili hung'ang'ania mkondo wakati wa kukatwa. Pampu ya DC ya brashi, volti 24, wati 180, hula ampea 7.5. Chagua swichi ya 24V DC yenye angalau ampea 15, kisha funga diodi ya 10A10 (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili mkondo wa koili upate njia) sambamba na mota, mstari uliochorwa juu yake ukielekea chanya. Ukiigeuza ni shoti papo hapo. Pampu yenye kidhibiti chake haihitaji diodi hiyo. Kwa mota ya AC tumia kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili), na usome AC-3, kipimo cha mota, si AC-1, kipimo cha mizigo kama hita: kontakta ya ampea 9 za AC-3 mara nyingi huwa na 25 za AC-1, na muuzaji hupenda kutaja 25.

Baada ya kufunga, washa mzigo wote kwa nusu saa, kisha pima kwa mita volti kati ya miguu miwili ya swichi ikiwa imewashwa. Kwenye DC ya volti ndogo ukipata milivolti 100 kwa ampea 10, wati 1 inageuka joto ndani yake, na ikizidi hapo kaza skrubu au badilisha swichi. Kwenye 230 au 240 waachie wenye ujuzi kipimo hicho. Zima umeme kwenye breka kuu, kisha kagua waya kama umebadilika rangi. Plastiki yenye kahawia kuzunguka skrubu ni waya uliolegea. Swichi inayobaki imewaka ukiizima, ncha zimegandana, mara nyingi kwa sababu ya mkondo mkubwa wa mwanzo wa chaja au taa nyingi za LED. Kutema cheche kila unapozima, kwa mlio wa kuchanika, ni tao linalochelewa kufa: volti ni kubwa kuliko swichi.