SOMO: Namna ya kupanga begi la safari ya Petra, Yordani

Wadau salaam. Naona wengi wanaulizia Petra, hasa ndugu zetu walioko Dubai na Muscat maana kwao si mbali, kwa hiyo leo naweka la begi tu. Kwanza elewa kwamba Petra sio jengo moja unashuka kwenye gari unapiga picha unaondoka, ni mji mzima waliouchonga Wanabatea, watu wa kale wa huko, kwenye miamba miaka kama 2,000 iliyopita na unautembea kwa miguu, kwa hiyo kila utakachobeba kitakaa mgongoni kwako kutwa nzima.

HATUA YA 1: VIATU. Hapa usifanye mchezo. Kutoka getini unapita Siq, ule mpasuko wa mwamba wa kama km 1.2, ndio unatokea Al-Khazneh, lile jengo la kwenye picha zote, na wengi wanaishia hapo kwa sababu ya miguu wakati mji wenyewe ndio kwanza unaanza. Kwenda Ad-Deir, jengo lingine kubwa la kuchongwa lililo juu mlimani, kuna ngazi zaidi ya 800, zimechongwa kwenye mwamba, nyingine zimelika katikati kwa kukanyagwa na mchanga ukikaa juu zinateleza balaa. Vaa raba zenye soli ya kushika ambazo umeshazizoea, mpya zitakutoa malengelenge. Soksi pea mbili, plasta chache mfukoni.

HATUA YA 2: MAJI. Lita 2 kwa mtu, kiangazi lita 3. Ukiwa ndani ya Siq angalia ukutani utaona mfereji umechongwa kwenye jiwe, Wanabatea walikuwa wanaleta maji mjini kwa mifereji na mabomba ya udongo, na mvua wanaihifadhi kwenye mashimo ya mwamba, yaani mji ulisimama kwa maji, sasa wewe usiingie na kachupa kamoja. Weka na ORS (zile chumvi za pakiti za kurudisha maji mwilini), tende na karanga.

HATUA YA 3: NGUO. Suruali au gauni pana la pamba, mikono mirefu, kofia, losheni ya jua, na kanga au mtandio, ule ni wa jua, wa vumbi, wa kukalia na wa kujisitiri. Na sweta! Watu wanasikia jangwa wanadhani joto tu, kule ni mlimani, usiku panapoa na Januari kuna miaka inaanguka theluji kabisa.

HATUA YA 4: Pawabanki, tochi, paspoti, na dinari taslimu za noti ndogondogo.

Droni acha nyumbani, bila kibali wanaishikilia uwanja wa ndege.

MASWALI YA WADAU

Swali: Shukrani mkuu. Nina mtoto wa mwaka mmoja, nibebe kigari chake?
Jibu: Hapana dada, kwenye Siq kuna vipande vya mawe ya zamani yamepinda na kupanda, utaishia kukibeba. Mbeleko ndio mpango mzima.

Swali: Mama yangu magoti yanamsumbua, ataweza?
Jibu: Mpaka Al-Khazneh ataweza bila shida, shikamoo yake, kuna vigari vya umeme vinapeleka hadi pale. Mbebee fimbo ya kutembelea na ile mitaa ya chini mtembee taratibu. Ad-Deir asipande, punda wanakodishwa ila kwenye ngazi zile mimi mzazi wangu simpandishi.

Swali: Naenda Novemba, mvua vipi?
Jibu: Koti jepesi la mvua muhimu, na uangalie utabiri asubuhi yake. Maji ya milimani yanashuka ghafla kwenye ule mpasuko, Novemba 2018 ilibidi watalii waondolewe kwa mafuriko. Ukiambiwa toka, toka, usingoje kumalizia picha.

Swali: Viza je?
Jibu: Nunua Jordan Pass, ile tiketi ya pamoja ya watalii, mtandaoni kabla ya kusafiri, ina kiingilio cha Petra ndani yake, na ukilala nchini usiku 3 au zaidi unasamehewa ada ya viza ya pale uwanjani. Ila kama paspoti yako inadai viza ya kuomba kabla, hiyo lazima uwe nayo mkononi kwanza. Na hiyo Pass ichapishe, usitegemee simu.