Unaenda kuangalia rangi za vuli? Anza na tarehe, alafu viatu

Naongelea vuli ya nchi za baridi, ile ya majani kugeuka njano na nyekundu alafu yakapukutika, sio mvua. Cha kwanza ni tarehe, maana watu wanapanga kwa kalenda na miti haina habari nayo. Kaskazini mwa dunia ni Septemba mpaka Novemba, kusini ni Machi mpaka Mei, ila rangi inaanzaga milimani ndo inashuka taratibu, kwaio ukichelewa huko juu shuka bondeni utaikuta. Na miti haiendi pamoja. Ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada unawahi, mwaloni unachelewa na mara nyingi unaishia kahawia tu.

Cheki hali ya hewa ya siku zilizopita pia, sio ya siku yenyewe tu. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha ndo vinaleta nyekundu kali, kwa sababu sukari inabaki ndani ya jani na ndo inatumika kutengeneza hiyo rangi (njano yenyewe ilikuwepo muda wote, kijani kiliifunika). Ukisikia Jumamosi kuna upepo mkali, we nenda Ijumaa, usiku mmoja tu unatosha kukuachia matawi matupu.

Viatu sasa, na hapa nitaongea sana maana yalinikuta. Majani makavu hayana shida, yakilowa yanateleza kama sabuni, na chini yake kuna mizizi, mashimo na ngazi ambazo huzioni. Pembeni ya mto au mfereji ndo balaa zaidi, majani yanadondoka juu ya maji yaliyotulia yanajitandaza pale, ukiangalia unaona njia inaendelea kumbe imeishia hatua mbili nyuma. Mi nilikanyaga hivo hivo nikitafuta sehemu ya kupiga picha, mguu ukazama mpaka gotini, na nilivaa jinzi, jinzi ikilowa ndo basi tena, nilitembea saa nzima mguu mmoja una ganzi. Soli iwe na meno, soksi za ziada ziwe kwenye begi, na kama una mtoto, upande wa maji utembee wewe.

Nguo vaa mbili tatu nyepesi unazoweza kuvua, sio koti moja zito. Suruali ndefu hata kama kuna jua, kupe bado wapo kwenye majani yaliyolala chini, ukirudi jikague.

Kama unataka picha ya miti ndani ya maji, wahi asubuhi kabla upepo haujaanza. Na usilikwepe jua, simama likiwa nyuma ya jani, mwanga ukipita ndani yake utaona hata mishipa. Simu kaa nayo mfuko wa ndani, chaji inaishaga haraka kwenye baridi.

La mwisho ni giza. Ulaya saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, na ghafla saa ile ile uliyozoea kurudi jana imekuwa usiku, na njia nyingi za kando ya maji hazina taa. Beba tochi. Mi huwa nageuza saa tisa, hata kama mbele panaonekana pazuri zaidi.