Namna ya Kupanga na Kutembea Njia ya Ziwani na Msituni kwa Siku Moja

Njia inayofuata ukingo wa ziwa kisha ikaingia msituni huonekana nyepesi kwenye ramani, kwa kuwa haina kilele cha kupanda wala jabali la kutisha. Lakini ni rahisi sana kuikadiria vibaya, kwa sababu umbali wa ukingoni huwa mrefu kuliko jicho linavyoona, na mwendo wa msituni huwa wa polepole kuliko ule ambao miguu imeuzoea barabarani. Anayeyajua haya mapema, akaipanga siku yake kwa saa badala ya kilomita, atatembea kwa utulivu na bado atabaki na muda wa kutazama ndege.

Kupima njia na muda

Jicho huruka ghuba. Ukisimama kwenye rasi moja ukaitazama nyingine ng'ambo ya maji, utadhani ni mwendo mfupi tu, ilhali kijia kinaizunguka ghuba yote, kinalikwepa eneo la matete, na pengine kinapanda mbali na maji kutafuta mahali pa kuvuka kijito. Kwa hiyo usikadirie kwa macho. Chukua uzi mwembamba, ulaze juu ya ramani ukifuata kila kona ya njia, kisha unyooshe na uupime kwa rula. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, kila sentimita 2 ni kilomita 1, na katika ramani ya 1:25,000, kila sentimita 4 ni kilomita 1. Kwa kuwa uzi hauwezi kufuata vikona vidogo kabisa, umbali halisi utazidi kidogo ule uliopima, hata ukiwa makini namna gani.

Baada ya umbali, tafuta muda. Kanuni inayotumika hadi leo ni ile iliyotolewa mwaka 1892 na William Naismith, mpanda milima wa Uskoti: kwa vipimo vya sasa, hesabu takriban saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 15 yenye jumla ya mita 300 za kupanda itakupa saa tatu na nusu. Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya mtu mwenye nguvu anayetembea bila kusimama kwenye njia nzuri. Mizizi, matope, magogo yaliyoanguka, mapumziko na chakula vinahitaji nafasi yao, na kwa maoni yangu ni busara kuongeza angalau nusu ya muda huo kila sehemu kubwa ya njia inapokuwa chini ya miti. Saa tatu na nusu basi zinakuwa saa tano na robo.

Ukishapata jumla, anzia saa ya machweo urudi nyuma. Toa saa moja ya akiba, kwa kuwa chini ya miti giza hutanda wakati ukingoni bado kuna mwanga wa kutosha, kisha toa muda wa kurejea. Saa unayobaki nayo ndiyo saa ya kugeuka, nayo iandikwe kwenye karatasi na ijulikane na kila mtu kundini. Saa hiyo ikifika mnageuka, hata kama maporomoko ya maji mliyoyakusudia yanasikika mbele.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu asiyesafiri jina la njia, idadi ya watu, saa mnayotarajia kurudi, na saa ambayo baada yake anapaswa kuomba msaada. Uliza pia ofisi inayosimamia eneo hilo kama njia imefunguliwa, kama madaraja yako salama baada ya mvua, na kama sheria inadai kibali au mwongozaji.

Mavazi na mzigo

Viatu ndivyo vinavyostahili kufikiriwa zaidi. Chagua vyenye soli ya meno marefu, vilivyokwisha kuzoea miguu yako, na uvae soksi za sufu au za nyuzi zinazokauka upesi. Pamba hushika maji, ikalainisha ngozi, na malengelenge hufuata. Unapohisi joto au msuguano mahali fulani, simama hapo hapo ubandike plasta kabla ngozi haijainuka, kwa sababu lengelenge lililokwisha kujaa maji halina dawa ya haraka njiani. Vaa suruali ndefu na beba koti la mvua hata asubuhi ikiwa angavu. Mengine ni machache: maji, chakula kinachozidi kidogo mahitaji ya siku, ramani ya karatasi ndani ya mfuko usioingiza maji, dira, tochi ya kichwani yenye betri mpya, filimbi, na kifurushi cha huduma ya kwanza.

Simu inafaa, mradi ramani iwe imepakuliwa mapema, kwani kutambua mahali ulipo kwa setilaiti hakuhitaji mtandao. Zima mawasiliano ili betri idumu, na kumbuka kwamba chini ya majani mazito alama inayoonyesha mahali ulipo inaweza kuhama kwa mita kadhaa na kukuweka upande usio wako wa kijito.

Kutopotea

Ziwa likionekana, kupotea ni vigumu, kwa sababu unajua liko kulia au kushoto kwako. Hatari huanza pale njia inapoyaacha maji. Simama hapo kabla hujaingia msituni, elekeza ramani kwa dira, na usome mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ujue kama ardhi mbele inapaswa kupanda au kushuka. Ukiwa umejiambia kwamba kijia kitapanda kwa nusu saa na kuvuka vijito viwili, utagundua upesi kinapofanya kinyume.

Alama za rangi kwenye miti zifuatwe moja baada ya nyingine, na ukitembea dakika chache bila kuona inayofuata, rudi hadi ile ya mwisho. Pasipo alama, kijia chenyewe hutoa habari. Njia ya watu ina nafasi wazi kuanzia chini hadi juu ya kichwa, matawi yake yamekatwa au kuvunjika kwa kupitwa, na udongo umeshikamana. Njia ya wanyama hupita chini ya matawi ya usawa wa kiuno bila kujali, hugawanyika mara kwa mara, na mwishowe hupotelea kwenye maji au malisho. Ukianza kuinama kila hatua na kufuta utando wa buibui usoni, fahamu kwamba pengine hakuna mtu aliyepita hapo siku hiyo, na huenda umekwisha kuiacha njia.

Iko mbinu moja ambayo ziwa huitoa na ambayo kila mtembezi anapaswa kuijua. Chukua kwamba uko msituni na unataka kurudi kwenye gati ambako gari limeegeshwa. Ukielekeza dira moja kwa moja kwenye gati, kosa la nyuzi chache litakufikisha ukingoni usipoona gati, na hutajua kama liko kulia au kushoto. Badala yake, lenga makusudi upande mmoja, tuseme kushoto kwa gati kwa mita mia chache. Ukifika majini unageuka kulia bila shaka yoyote, na unafuata ukingo hadi ulifikie. Mbinu hii inataka tu ukingo ulionyooka kiasi na usio na kinamasi, jambo ambalo ramani itakuonyesha.

Ukipotea kweli, simama, kaa, kunywa maji, na ufikiri kabla ya kusogea. Ishara ya kimataifa ya kuomba msaada milimani ni milio 6 ya filimbi ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha kurudia. Jibu ni milio 3 kwa dakika.

Maji, upepo na radi

Maji ya ziwa yanayong'aa si lazima yawe safi. Yachemshe hadi yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Lakini ukiona utando wa kijani ukingoni, mzito kama rangi ya ukuta iliyomwagika, usinywe, usiogelee, wala usimruhusu mbwa kuyagusa. Hao ni mwani wa bluu-kijani, ambao baadhi hutoa sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha. Katika maziwa ya nchi za joto, hasa barani Afrika, uliza pia kuhusu kichocho, kwa kuwa vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji baridi na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini hata kwa muda mfupi. Penye viboko, usikae kati yao na maji, na uepuke ukingo kuanzia jioni hadi asubuhi, wanapotoka kula majani na kurudi.

Kijito kilichofurika kinachokimbia kwa nguvu na kupita goti kisivukwe. Tafuta daraja au rudi. Pale panapovukika, legeza mikanda ya begi kwanza ili uweze kulitupa ukianguka.

Radi inahitaji uamuzi wa haraka, kwa sababu ukingoni mtu aliyesimama huweza kuwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Sekunde zikiwa chini ya 30, ondoka ukingoni na kwenye uwazi, tafuta jengo imara au gari lililofungwa, na usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Pasipo jengo, nenda kwenye miti mifupi inayolingana kimo, mbali na mti mrefu uliojitenga.

Kulinda njia

Pita katikati ya kijia hata penye matope, kwa maana kila anayekwepa pembeni hukipanua, na mimea ya ukingoni ndiyo inayouzuia udongo kuteremkia ziwani. Haja kubwa ifukiwe kwenye shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka majini na njiani, na karatasi ichukuliwe kwenye mfuko. Nashauri jambo hili lisionewe haya kuzungumzwa na kundi kabla ya safari. Safisha pia soli za viatu unapohama ziwa moja kwenda jingine, kwani mbegu na viumbe wageni husafiri ndani ya matope.

Ukirudi

Mjulishe uliyemwachia habari kwamba mmefika. Kisha vua nguo zote ujikague kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Aliyeng'ata ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi na avutwe moja kwa moja, taratibu, bila kupindishwa, bila kupakwa mafuta wala kuchomwa moto. Osha mahali hapo kwa sabuni na uandike tarehe. Homa au upele ukitokea katika wiki zinazofuata, mweleze daktari kwamba uling'atwa na kupe na wapi ulitembea, na kama uliingia ziwani mtajie hilo pia, kwa kuwa dalili za kichocho huweza kuchelewa kwa wiki kadhaa.