Isome Ngozi Kabla ya Kuipaka: Matatizo ya Ngozi kwa Jicho la Ayurveda

Kosa linaloumiza watu wengi wanaojitibu ngozi kwa Ayurveda ni kupaka mafuta penye majimaji. Mtu amesikia mafuta ya ufuta yakisifiwa, anayapaka juu ya ukurutu unaovuja, na baada ya siku mbili eneo limevimba, linanuka, limepanuka. Mafuta yale yale yangemfaa sana mwenye ukurutu mkavu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuitambua ngozi yenyewe, dawa baadaye.

Tiba hii ya India huyapanga maradhi kwa dosha tatu, yaani nguvu tatu zinazosemekana kuuendesha mwili: vata yenye ukavu na baridi, pitta yenye moto, na kapha yenye unyevu na uzito. Maradhi ya ngozi yaliyo mazito huitwa kushtha, na Charaka Samhita, kitabu cha kale cha tiba hii kinachohusishwa na mganga Charaka, huyahesabu aina 18, 7 kubwa na 11 ndogo. Katika kila aina dosha zote tatu zimevurugika, zikaharibu ngozi, damu, nyama na majimaji ya mwili. Kinachotofautisha ni dosha ipi inatawala, na hiyo ndiyo hutulizwa kwanza. Dosha hazipimwi maabara. Zichukue kama namna ya kupanga dalili, na kwa kazi hiyo zinasaidia kweli.

Namna ya kuisoma

Angalia asubuhi, kabla ya kuoga na kabla ya kupaka chochote, karibu na dirisha. Gusa kwa mgongo wa kiganja, kisha gusa sehemu kama hiyo upande wa pili wa mwili ulinganishe joto. Pitisha kidole taratibu. Bonyeza kitambaa cheupe juu yake kwa sekunde chache uone kama kinalowa, na kama kimelowa, ni maji meupe au usaha.

Ngozi iliyokauka, yenye mikwaruzo na nyufa, inayochoma kama sindano na kuzidi wakati wa baridi, ni ya vata. Yenye joto, inayowaka, inayoiva usaha na kuenea haraka ni ya pitta. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu, kwa kuwa mara nyingi huonekana kama zambarau au weusi uliokolea. Iliyonenepa, yenye unyevu, inayowasha kuliko inavyouma na isiyoondoka upesi ni ya kapha. Muwasho peke yake usikupotoshe: hata ngozi kavu huwasha. Angalia unyevu.

Ngozi kavu

Weka vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya ufuta kwenye bakuli dogo, ulisimamishe ndani ya maji ya moto kwa dakika 5. Usiyaweke mafuta motoni moja kwa moja. Yajaribu kwenye kifundo cha mkono. Yawe vuguvugu tu. Paka kwa dakika 10 ukifuata uelekeo wa malaika, yaani nywele laini za mwilini, maana kusugua kinyume huziba vinyweleo na kuleta vipele. Kaa dakika 15 hadi 20, kisha oga kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato ukiiweka kwapani na kinenani tu. Jifute kwa kugandamiza taulo, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu paka mafuta kidogo tena. Mafuta hufungia maji yaliyomo. Yakipakwa kwenye ngozi iliyokwisha kukauka hayana cha kufungia.

Vitabu vya kale vyenyewe vinakataza kupaka mafuta hivi kwa mtu ambaye chakula hakijasagika tumboni na kwa mwenye maradhi ya kapha. Ufuta pia huwapa baadhi ya watu mzio. Kila kitu kipya kipakwe kwanza sehemu ya ukubwa wa sarafu ndani ya mkono, ungoje saa 48.

Ngozi yenye joto

Hapa mshubiri hufanya kazi nzuri, ila wengi huuharibu wakati wa kuukata. Kata jani karibu na shina, lisimamishe kwenye kikombe, sehemu iliyokatwa ikiwa chini, kwa dakika 15. Utaona utomvu wa njano ukichuruzika. Huo huwasha ngozi na ukimezwa huharisha vibaya, kwa hiyo umwage. Osha jani, menya ganda la kijani, suuza tena ute mweupe mpaka njano yote iishe, ndipo upake tabaka jembamba kwa dakika 20 na kuosha. Ute uliobaki ukae kwenye jokofu, usizidi siku 3.

Epuka limau, hata kama limo katika mapishi ya kienyeji ya uso. Maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha mabaka ya miezi.

Ngozi yenye majimaji

Chukua majani mabichi ya mwarobaini, konzi moja, uyachemshe katika lita 1 ya maji kwa dakika 15, sufuria ikiwa imefunikwa. Yapoe, chuja kwa kitambaa safi. Lowesha kitambaa kingine, kikamue kidogo, kiweke juu ya eneo kwa dakika 10, mara 2 kwa siku, kisha acha likauke kwa hewa. Maji yamwagwe baada ya saa 24. Yakikaza ngozi hadi ipasuke, punguza hadi mara 1. Unyevu ukishaisha, acha kabisa. Usiyanywe. Mafuta ya mwarobaini yakimezwa yamewahi kuwatia watoto degedege na kuwaumiza ubongo, na mjamzito akae mbali nayo.

Manjano? Nusu kijiko cha chai katika vijiko 2 vya unga wa dengu yatosha kwa uso wenye mafuta. Hutia rangi, na hukausha, hivyo mwenye ngozi kavu asiyaguse.

Chakula na matibabu makubwa

Ayurveda inalaumu pia vyakula visivyopatana, kama samaki na maziwa kwa pamoja. Ukitaka kupima, ondoa kitu kimoja tu kwa wiki 3, ukiandika hali ya ngozi kila siku, halafu ukirudishe. Ukiondoa vitano kwa mara moja hutajua kipi kilihusika, na mtoto anaweza kudhoofika.

Kwa kushtha iliyokomaa, Charaka anaagiza samli kwa vata, kutapisha kwa kapha, kuharisha na kutoa damu kwa pitta. Hayo hayafanywi nyumbani hata kidogo. Nchini India daktari wa Ayurveda husomea shahada miaka 5 na nusu. Dawa za kumeza zisizo na chanzo kinachojulikana ziache: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu 1 kati ya 5 ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kama unatumia krimu ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, usiikate ghafla.

Homa pamoja na eneo linalopanuka saa baada ya saa, malengelenge baada ya kumeza dawa, au vidonda mdomoni na machoni ni mambo ya hospitali siku hiyo hiyo. Lipo na jambo la kimya zaidi. Neno kushtha hutumika pia kwa ukoma. Ukiona baka lililopauka, fumba macho, mwenzako aliguse kwa ncha ya pamba, nawe uoneshe kwa kidole palipoguswa. Ukishindwa, usipake kitu, nenda ukapimwe. Ukoma hupona kwa vidonge vya miezi 6 au 12, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa kwa kucheleweshwa hairudi.