Mzee amelazwa: namna ya kulinda miguu yake wodini

Nafanya fiziotherapia Nairobi, na jambo hili huniuma: mzee anaingia wodini akitembea, nimonia inapona, lakini siku ya kuruhusiwa anabebwa hadi kwenye gari. Jamaa huniambia, "Lakini hajakonda!" Msuli unaweza kubaki na unene wake huku mafuta yakijipenyeza ndani na nguvu zikiisha. Kulala tu kunatosha kuudhoofisha. Utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kuwa wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu.

Hatua ya 1. Andika alichoweza kufanya wiki mbili kabla ya kuugua: kuoga, kuvaa, kula, kwenda choo. Hapo ndipo tunataka arudi.

Hatua ya 2. Muulize nesi kama anaruhusiwa kushuka kitandani.

Hatua ya 3. Sasa asimame. Hapa usiwe na haraka. Mvalishe viatu vinavyoshika kisigino, malapa huteleza. Akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili. Akisikia kizunguzungu, mlaze umwite nesi. Mhamishie kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Usimvute kwapani, utamuumiza bega. Kukaa nako kuwe polepole, kwa hesabu ya tatu. Wengi hujibwaga, na kumbe kule kushuka ndiko kunakojenga paja. Mara tano, asubuhi, mchana na jioni.

Shosho mmoja alianza kwa kung'ang'ania mikono ya kiti hadi vidole vikawa vyeupe. Siku ya nne alikunja mikono kifuani, akainuka, akadai leso yake aende msalani mwenyewe.

Akiweza bila kushika kiti, pima muda. Mara tano zikizidi sekunde 15, miguu bado ni dhaifu.

Hatua ya 4. Saa ya kuwaona wagonjwa, usilete uji mtupu. Mzee mgonjwa wa kilo 60 huhitaji takriban gramu 72 za protini kwa siku, na yai moja lina kama 6. Ongeza maziwa, ndengu, omena. Mwenye ugonjwa wa figo, daktari aulizwe kwanza.

Hatua ya 5. Kila asubuhi uliza: katheta (mpira wa kutolea mkojo) bado inahitajika? Ikitolewa, msindikize chooni kwa miguu, hata ikichukua robo saa.