Kuchagua na Kufunga Matairi ya Baridi: Mwongozo wa Fundi kwa Madereva wa Québec

Katika jimbo la Québec, nchini Kanada, sheria inataka kila gari dogo lililosajiliwa humo liwe limefungwa matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Takwa hilo lilianza mwaka 2008, na dereva anayekamatwa bila matairi hayo hutozwa faini ya dola 200 hadi 300. Mimi ni fundi wa matairi mjini Montréal, na kwa maoni yangu faini ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Kila tairi hugusa barabara kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono, na breki, usukani na injini, hata viwe vizuri namna gani, vyote hupitisha kazi yake katika viganja hivyo vinne.

Ninawaandikia hasa ndugu zetu waliofika huku kutoka Bukavu, Goma, Bujumbura, Nairobi au Dar es Salaam. Wengi wao ni madereva wazoefu wa lami, vumbi na matope, lakini hawajawahi kukanyaga breki juu ya barafu, na mara nyingi hununua matairi yao ya kwanza kwa haraka, yakiwa yametumika, kutoka kwa mtu wasiyemjua.

Hatua ya 1: Fahamu kinacholitofautisha tairi la baridi

Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, hata kama hakuna theluji hata chembe. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa na silika nyingi (madini yapatikanayo kwenye mchanga) ili ubaki laini kwenye baridi kali, na kashata zake, yaani vibonge vya mpira vinavyokanyaga barabara, zimechanjwa mipasuo mingi myembamba ambayo huing'ata theluji na kuondoa utando wa maji unaotanda juu ya barafu. Wafini ndio waliotangulia katika kazi hii: kiwanda ambacho leo kinaitwa Nokian Tyres kilitoa tairi la baridi la malori mwaka 1934, kisha la magari madogo mwaka 1936.

Ulaini huo una gharama yake. Waliowahi kununua gari lililotumika kutoka Japani na kulipokea Mombasa au Dar es Salaam likiwa bado na matairi ya theluji wanajua jinsi yanavyolika upesi kwenye lami ya moto. Kwa sababu hiyohiyo, matairi haya hayapaswi kubaki kwenye gari mwaka mzima.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi kabla ya kutoa pesa

Tafuta kwanza alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tangu tarehe 15 Desemba 2014, herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi kisheria katika Québec. Ni vizuri pia kujua alama hiyo inathibitisha nini hasa: tairi hupimwa uwezo wake wa kuvuta gari kwenye theluji iliyoshindiliwa, na jaribio hilo halipimi namna linavyofunga breki juu ya barafu. Matairi mawili yenye alama moja yanaweza basi kutofautiana sana asubuhi barabara inapong'aa barafu. Yapo matairi ya misimu yote yenye alama hiyo, nayo ni halali. Yanaweza kumtosha mtu asiyetoka nje ya jiji. Anayefanya safari za Saguenay au Abitibi, maeneo yaliyo mbali kaskazini mwa Montréal, namshauri achukue tairi la baridi halisi bila kusita.

Matairi yenye misumari ya chuma yanaruhusiwa Québec kati ya tarehe 15 Oktoba na tarehe 1 Mei. Yanashika vizuri kwenye barafu tupu, lakini yana kelele na yanachimba lami. Mkazi wa mjini hayahitaji, na anayetarajia kuhamia jimbo jirani la Ontario akumbuke kwamba huko misumari ni ya wakazi wa kaskazini tu.

Baada ya alama, angalia ukubwa. Ukubwa sahihi umeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mara nyingi inawezekana, na ninapendekeza, kushuka kwenye rimu ndogo zaidi. Kwa mfano, Honda Civic ya miaka ya karibuni inayotoka kiwandani na tairi la 235/40R18 inaweza kutumia 215/50R17 au 215/55R16 (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi), kwa sababu kipenyo cha nje cha yote matatu hakitofautiani hata kwa sentimita moja, hivyo kipima mwendo hakitasema uongo. Tairi jembamba huipasua theluji na kufikia barabara badala ya kupanda juu yake, bei yake ni ndogo, na ubavu wake mrefu huvumilia mashimo ya Montréal, ambayo kila anayeishi hapa anayafahamu. Hakikisha tu kwamba rimu ndogo inapita juu ya breki bila kugusa. Namba ya uwezo wa mzigo isiwe chini ya ile ya kibandiko. Herufi ya mwendo inaweza kushuka: Q, yaani kilomita 160 kwa saa, inatosha kabisa majira ya baridi.

Umri wa tairi husomwa katika tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT. Ukikuta 3722, tairi limetengenezwa wiki ya 37 ya mwaka 2022. Tairi la mitumba lenye kashata ndefu lakini umri wa miaka minane au tisa silishauri, kwa kuwa mpira wake umeshakakamaa na ulaini ndio uliokuwa ukiununua. Ukucha wa kidole gumba husaidia: ubonyeze kwenye kashata, na usipoacha alama yoyote, liache tairi hilo. Kuhusu kina, tairi jipya la baridi huwa na milimita 8 hadi 9. Wizara ya Uchukuzi ya Kanada inashauri tairi lililolika hadi kukaribia milimita 4 lisitumike kwenye theluji, ingawa sheria inaruhusu hadi milimita 1.6. Nunua kipimo kidogo cha kina, uende nacho kwa muuzaji, na upime sehemu tatu za upana wa kila tairi. Likiwa limelika upande mmoja, kuna uwezekano kwamba magurudumu ya gari lililolibeba hayakuwa yamenyooka.

Hatua ya 3: Nunua manne

Wapo wanaonunua mawili kwa kuwa gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Gari hilo litaondoka vizuri na kugeuka vizuri, kisha kwenye kona mkia wake utateleza na kuipita pua, kwa sababu nyuma hakuna kinachoshika. Mwenye gari linalovutwa na magurudumu yote manne naye asijidanganye: mfumo huo humsaidia kuondoka, lakini haumsaidii kusimama.

Hatua ya 4: Kama unaweza, nunua na rimu za pili

Rimu za chuma za kawaida hulipa gharama yake baada ya misimu michache, kwani humlipi tena fundi kuvua na kuvisha mpira mara mbili kwa mwaka, na kingo za tairi haziumizwi. Idadi na nafasi ya matundu lazima ilingane na gari, mathalani 5x114.3 kwa Civic na Camry, yaani matundu matano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Tundu la katikati nalo lina kipimo chake: Civic ni milimita 64.1, Camry ni 60.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi huwekewa pete ya kuziba nafasi ili ikae katikati, la sivyo usukani utatetemeka. Jambo linalosahaulika zaidi ni nati. Nati za asili za Honda zina kikalio (sehemu inayokandamiza rimu) cha mviringo, ilhali rimu nyingi za madukani zinahitaji nati zenye kikalio cha koni. Ukizichanganya, zitaonekana zimekaza, kisha zitalegea barabarani.

Hatua ya 5: Funga magurudumu

Egesha gari mahali pagumu na tambarare, weka gia ya kuegesha, vuta breki ya mkono na uzuie kwa kabari gurudumu la upande usioinuliwa. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini. Weka jeki mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, inua, kisha weka stendi ya chuma. Usiingize mkono wala mguu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Ukishalitoa gurudumu, usikimbilie kuweka jingine. Angalia habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Chumvi inayomwagwa barabarani hapa huotesha kutu kwenye uso wake, na kutu hiyo ikibanwa kati ya habu na rimu huja kusagika, ikaacha mwanya, na nati zikalegea. Isugue kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, pande zote mbili, habu na rimu. Huko ndiko kazi ya ufungaji hufanikiwa au huharibika. Nyuzi za bolti ziache kavu, usizipake mafuta wala grisi, maana zikiteleza utakaza kupita kiasi hata kama kipimo kinaonyesha sawa.

Tazama mshale ulio ubavuni: kama upo, lazima uonyeshe upande ambao tairi huzunguka gari linaposonga mbele. Kama hakuna mshale bali kuna neno linaloonyesha upande wa nje, upande huo utazame nje. Anza nati zote kwa vidole, zikaze kidogo kwa spana kwa mpangilio wa nyota, shusha gari, ndipo ukaze kwa spana ya torki, yaani ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio uleule. Civic inataka nyutoni-mita 108. Corolla na Camry, 103. Kwa gari jingine fuata kitabu chake. Mashine ya upepo ifungue nati, isiwe ndiyo ya kukaza mwisho.

Hatua ya 6: Pima upepo gari likiwa limepoa

Upepo hupungua kwa takriban psi 1 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) kwa kila nyuzi 5 hadi 6 zinazoshuka. Tairi lililojazwa psi 33 ndani ya karakana yenye nyuzi 20 litasoma kama 27 asubuhi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Pima nje, kabla ya kuendesha, na urudie kila mwezi. Kama gari lako lina vihisi ndani ya magurudumu na rimu mpya hazina, taa ya onyo itawaka msimu mzima na utalazimika kutegemea kipimo cha mkono. Magari yanayokadiria upepo kupitia vihisi vya breki huhitaji kurekebishwa upya kwenye menyu baada ya kubadilisha matairi.

Hatua ya 7: Rudi kwenye nati, kisha tunza yaliyotoka

Baada ya kilomita 80 hadi 100 kaza tena kwa kipimo kilekile. Katika kilomita hizo za mwanzo endesha kwa upole, hasa kama matairi ni mapya.

Matairi ya kiangazi yaliyotoka yaandike kwa chaki nafasi yake, mbele kushoto, nyuma kulia na kadhalika, uyaoshe chumvi na uchafu, uyakaushe, na uyafunge kwenye mifuko mahali penye giza na ubaridi, mbali na mota za umeme. Yaliyo na rimu yapange moja juu ya jingine. Yasiyo na rimu yasimamishe wima. Tarehe 15 Machi isikuharakishe kuyarudisha, kwa kuwa theluji ya Aprili ni jambo la kawaida hapa. Subiri hadi asubuhi zenyewe zikae juu ya nyuzi 7. Na kwa msimu ujao weka miadi na fundi mapema Oktoba, kwa maana wiki ya mwisho ya Novemba foleni hujaa na kazi ya kusugua habu ndiyo ya kwanza kurukwa.